Nyota Ililipuka Lini, na Nani Alipuliza Filimbi?

Nyinyi mnaoanza kazi ya kushika bendera kwenye machimbo ya mawe, jambo la kwanza ni hili: simama juani, simama mvuani, lakini usisimame kwenye njia ya mbuzi. Dereva anaijua bendera nyekundu, ila haitaki. Mbuzi haitaki wala haijui. Mimi nimesukumwa mtaroni na beberu mara nyingi kuliko nilivyotukanwa na makonda, na makonda wamenitukana sana.

Jina langu ni Mwanahawa, ila Lugoba nzima inaniita Bi Bendera. Maisha yangu ya kazi yameishia kando ya barabara, nikisimamisha magari kila walipokuwa wakilipua mwamba. Sasa magoti yamekataa, nimestaafu, na nasikia mmepewa redio za mkononi na makoti yanayong'aa. Hongereni. Sisi tulikuwa na kitambaa, kijiti na mdomo.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini nitaisema kwa ajili ya mwenzenu aliyeanza jana. Wanatoboa mwamba, wanajaza baruti, wanakimbia kujificha. Wewe uko mbali, barabarani, umezuia magari. Kwanza unaona vumbi linapanda juu ya miti, kimya kabisa, kama mtu amekung'uta mkeka. Unaweza kusema bismillahi ukaimaliza yote, ndipo kishindo kinakufikia kifuani. Kisha mawe madogo yanaanguka porini, kwa sababu jiwe ni mvivu kuliko wenzake wote. Mwisho kabisa mlipuaji anakagua kama kuna baruti iliyogoma, na akiridhika anapuliza filimbi ndefu. Kabla ya filimbi hapiti mtu, awe bwana harusi au maiti.

Tabu yote iko katikati ya vumbi na kishindo. Hapo ndipo dereva anapojiona ana akili.

"Bi Bendera, si limeshalipuka? Tupishe!"

"Subiri."

"Nisubiri nini, na vumbi lile pale?"

"Subiri, habari nyingine iko njiani."

Kulikuwa na dereva mmoja wa lori la nyanya, aliona vumbi akashuka kuja kunielimisha kwamba siku hizi kuna baruti zisizo na sauti, zinatoka ng'ambo, na kwamba sisi wa Lugoba tuko nyuma. Alikuwa ameinua kidole. Kishindo kilipofika nilimwona tena akiwa uvunguni mwa lori lake, na kidole bado kimeinuliwa.

Kazi hii nilipewa na Mzee Kondo, msimamizi wa walipuaji, mtu wa huku huku ndani, mwembamba, mkali, anayependa kunusa tumbaku wakati usiofaa karibu na baruti. Wazazi wetu walikuwa wamefariki wote wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Mimi nilikuwa wa kwanza, nikaacha shule nikiwa bado nahesabu kwa vidole, na nyuma yangu alikuwapo Hamisi, na nyuma yake kabisa Rehema ambaye bado alikuwa ananyonya. Nikaenda machimboni kuomba kazi. Mzee Kondo akanitazama kuanzia unyayo.

"Wewe mtoto wa kike utaweza kusimama?"

"Nitaweza."

"Shika hii. Usiondoke hapa mpaka usikie filimbi."

Akaenda zake. Siku ile hakukuwa na kulipua. Alitaka tu kuniona ninavyochoka nirudi nyumbani. Kumbe akapata msiba wa jirani, akaenda mazikoni, akala ubwabwa, akanisahau. Mvua ikanyesha ikaacha. Mbuzi wakapita juu ya miguu yangu. Jioni anarudi kwa baiskeli, ananikuta.

"He! Bado upo?"

"Hujapuliza filimbi."

Mzee akashuka kwenye baiskeli, akaitafuta filimbi mifukoni, hakuwa nayo. Ikabidi apige mluzi kwa vidole. Kesho yake nikaanza kazi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu. Alinifundisha kuangalia upepo kabla ya kuchagua pa kusimama. Alinifundisha kufungua mdomo kishindo kinapokuja, masikio yasiumie. Alinifundisha kuwaambia watu wafungue madirisha kabla ya kulipua, vioo visipasuke. Na siku nilipomuuliza kwa nini vumbi linatangulia na sauti inachelewa, alinijibu maneno niliyoyashika kama aya:

"Mwanahawa, sikio ni mtu wa kuletewa habari. Jicho ni mtu aliyekuwepo."

Nikaamini. Miaka na miaka nikaamini kwamba sauti inatembea kwa miguu, lakini ukionacho unakiona palepale kinapotokea. Na kwa imani hiyo niliwadharau madereva wote wa barabara kuu.

Sasa niwaeleze jinsi nyota ilivyotaka kuivunja harusi ya Rehema.

Rehema alisoma. Tulimsomesha mimi na Hamisi, akawa mwalimu wa fizikia sekondari. Lakini kusoma kukamchelewesha kuolewa, na kila mwaka majirani waliniuliza, "Na huyu wako?" kwa sauti ileile wanayouliza juu ya mkate uliosahaulika tanuruni. Ndipo akaja Salim, fundi wa injini za boti kule Mbegani, kijana mpole mwenye mikono ya grisi na adabu ya kutosha. Nilimpenda kabla Rehema hajampenda. Wazazi wake ni watu wa mji mkongwe wa Bagamoyo. Mshenga wao, Mzee Kibwana, akaja, tukaafikiana, siku ikapangwa. Mimi niliyemlea Rehema mgongoni nilikuwa nimebakiza jambo hilo moja tu nikapumzike.

Wiki mbili kabla ya siku, Mzee Kibwana akarudi. Hakukaa. Mshenga asiyekaa ana neno baya.

"Bi Mwanahawa, mama mtu anasema harusi isimame kwanza."

"Kwa nini? Rehema kafanya nini?"

"Rehema hajafanya kitu. Ni nyota."

"Nyota ya Rehema?"

"Nyota ya mbinguni. Inataka kulipuka."

Akaniwekea sauti kwenye simu yake nisikie. Mtu asiyejulikana, mwenye sauti ya kuumwa jino, alikuwa anasema ile nyota nyekundu, iliyo karibu na zile tatu zilizojipanga mstari, imefifia, na maana yake iko karibu kulipuka. Mawe yake yataifikia dunia, na ndoa yoyote itakayofungwa chini yake itapasuka vipande. Akamaliza kwa kusema sambaza kwa watu wote uwapendao. Bi Mwanakombo, mama yake Salim, alikuwa anawapenda watu wengi. Alisambaza, kisha akasimamisha harusi mpaka nyota ilipuke kwanza, ipite, ndipo tuendelee.

Mtu mwingine angekimbilia kwa mwalimu. Mimi mwalimu nilikuwa naye nyumbani, lakini siku ile alikuwa shuleni, na mtaa wetu ni mtaa wa watu wa machimbo. Kule ukisema neno "kulipuka," hakuna anayeuliza kama ni kweli. Wanauliza saa ngapi.

Jioni ile, baada ya Magharibi, nyota ilipochomoza, mtaa mzima ulikuwa tayari. Madirisha yote wazi. Kuku wamefunikwa matenga. Mama Asha wa jirani alivaa sufuria kichwani, akamvisha na mumewe, ila la mumewe lilikuwa dogo, likakaa juu kama kofia ya askari wa bendi. Walipuaji wastaafu walikuja na viti vyao, wakabishana ni baruti kiasi gani ingehitajika, na kama utambi ungefaa au waya. Na mimi, wanangu, nilikuwa barabarani na bendera yangu, nimezuia bodaboda mbili na mkokoteni wa maji.

"Tunasubiri nini, bibi?" akauliza wa mkokoteni.

"Nyota."

"Inavuka?"

Watu wote walikuwa wameitazama nyota, midomo wazi, kama Mzee Kondo alivyotufundisha. Hapo ndipo Rehema aliposhuka kwenye basi, na mkoba wa madaftari begani. Akatutazama. Akatazama juu. Akatutazama tena.

"Dada, mnafanya nini?"

Nikafunga mdomo nipate kujibu. "Tunangoja kishindo."

"Kishindo cha nini?"

"Cha nyota yako inayokuvunjia harusi! Fungua mdomo, utapasuka masikio."

Rehema akaketi palepale kwenye jiwe la barabarani, akacheka mpaka madaftari yakamwagika. Kisha nikamwambia habari ya Mzee Kibwana, na kicheko kikakatika. Akaanza kuokota madaftari, moja moja. Nikajua kwamba kumbe na yeye alimpenda Salim kuliko alivyokuwa akituonyesha.

Ndipo akafundisha. Alisema kwanza hakutakuwa na kishindo, kwa sababu kule hakuna hewa ya kubeba sauti. Wastaafu wakaguna. Mlipuko usio na sauti waliuona ni kazi mbovu.

"Lakini tutauona," nikasema. "Ukitokea tu, tutauona papo hapo."

"Hapana, Dada. Mwanga nao unasafiri."

"Unasafiri vipi?"

"Una mwendo. Mkali sana, lakini ni mwendo. Nyota ile iko mbali kiasi kwamba mwanga wake unachukua mamia ya miaka kutufikia. Unachokitazama sasa ni habari ya zamani. Huenda ilishalipuka kabla bibi yake bibi yetu hajazaliwa, na sisi bado tunaiona nzima. Au haijalipuka, na haitalipuka mpaka vitukuu wa vitukuu. Kwa kutazama tu, hujui."

Nikakasirika. Nawaambia kweli, nilikasirika kuliko siku beberu aliponisukuma mbele ya basi la wanafunzi.

"Macho yangu mimi? Yachelewe?"

"Yanachelewa, Dada."

"Jicho ni mtu aliyekuwepo!"

"Nani kasema?"

"Mzee Kondo, Mungu amrehemu!"

"Mzee Kondo alikuwa sahihi kwa vumbi la Lugoba. Kwa umbali ule, kuchelewa kwa mwanga hukuoni. Lakini hata jua, Dada, unaliona kama lilivyokuwa dakika nane zilizopita."

Mume wa Mama Asha akaondoa sufuria. "Dakika nane? Kwa hiyo Ramadhani tunachelewa kufuturu?"

"Tafadhali, baba, hilo usilianzishe," Rehema akasema. "Nitafukuzwa mji huu."

Nikaenda kulala na hasira yangu. Lakini nikiwa kitandani nikamkumbuka dereva wa nyanya, na kidole chake. Yeye aliona vumbi akadhani habari zote zimekwisha fika. Na mimi nilikuwa nimeona nyota nzima, nikadhani ni nzima. Tofauti yetu ilikuwa lori tu. Asubuhi nikamwambia Rehema, "Sawa, nimekubali, jicho nalo linaletewa. Sasa nipe ya kumwambia mama mkwe wako."

Akaanza kuandika hesabu. Nikamwambia aache. Hesabu haijawahi kumtuliza mama wa bwana harusi.

Nikapanda gari mpaka Bagamoyo na Mzee Kibwana. Bi Mwanakombo ni mwanamke mnene, mzuri, anayekaa barazani kama mizani ya dukani: chochote utakachoweka mbele yake kinapimwa. Mumewe, Mzee Shomari, alikuwa pembeni na kikombe chake cha kahawa, kimya, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Karibu. Habari ya huko machimboni?"

"Nzuri. Nimekuja kwa ajili ya nyota."

"Alhamdulillahi. Wewe ni mtu wa milipuko, utanielewa. Nasema tungoje ilipuke, ipite, halafu watoto waoane kwa salama. Vibaya?"

"Si vibaya. Ila huenda ilikwisha lipuka."

Akaacha kujipepea kwa pepeo lake. "Lini?"

"Zamani. Mwanga wake ndio haujafika."

"Basi tungoje ufike."

"Unaweza kufika kesho. Unaweza kufika baada ya miaka laki."

"Laki?" Akahesabu kidogo. "Salim atakuwa na umri gani?"

"Mkubwa, mama," akasema Mzee Shomari.

Bi Mwanakombo hakumjali. Akanielekea mimi. "Sikiliza, Mwanahawa. Nakujua wewe. Njia ile ya Lugoba kila mtu kaipita. Mimi mwenyewe uliniweka juani ndani ya basi, nina kapu la pweza, naenda Tanga kwenye shughuli. Dereva alikubembeleza, konda akakutukana, mimi nikakuombea dua mbaya. Ulisema nini? 'Hapiti mtu kabla ya filimbi.' Pweza wangu walifika wananuka. Leo wewe huyohuyo unakuja kuniambia nipite, na filimbi haijalia?"

Wanangu, Mzee Kibwana akaanza kutazama viatu vyake, dalili ya mshenga anayetaka kuaga. Nikaiona harusi ya mtoto niliyembeba mgongoni inaondoka mbele ya macho yangu, na macho yenyewe sikuwa nayaamini tena. Kazi yangu ya maisha yote ilikuwa kuwazuia watu. Hakuna hata siku moja niliyojifunza kumwambia mtu apite.

Basi nikashika ninachokijua.

"Bi Mwanakombo, siku ile nilikuzuia wapi?"

"Si palepale Lugoba."

"Umewahi kuniona na bendera hapa Bagamoyo?"

"Hapa? Ufanye nini hapa?"

"Na Kerege?"

"Kerege kuna mawe gani ya kunifikia?"

"Ndiyo hayohayo. Bendera inashikwa pale jiwe linapoweza kufika. Tukilipua Lugoba, Kerege wanapika maandazi, hawajui hata kama tumelipua. Umbali ndio unaowachelewesha habari, na umbali huohuo ndio unaowakinga. Sasa nyota hii, mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoupita mbio, unatumia mamia ya miaka njiani. Jiwe ni mvivu kuliko wote. Litafika lini? Na hilo jiwe likifika, litamkuta nani?"

Akapepea polepole. Nikajua amepima.

"Na ndoa kupasuka?"

"Kama ilikwisha lipuka zamani, basi na wewe uliolewa chini ya nyota iliyolipuka. Na mama yako. Ndoa yako imepasuka?"

Bi Mwanakombo akageuka kumtazama mumewe, kana kwamba anaangalia kama bado yupo. Mzee Shomari akaweka kikombe chini taratibu.

"Huenda ilipasuka zamani sana," akasema. "Ila mwanga haujafika."

Pepeo la mkewe likampata kabla hajafunga mdomo. Mzee Kibwana akacheka mpaka akaketi, na mshenga akiketi ujue mambo yamekwisha. Bi Mwanakombo naye akacheka, akajifuta machozi na upande wa kanga, kisha akatoa sharti moja: ndoa ifungwe asubuhi, ili yeye asiione nyota. Nilipomletea Rehema habari akataka kuanza kueleza nyota ile asubuhi huwa upande gani wa dunia. Nikamfinya.

Ndoa ikafungwa nyumbani kwetu Lugoba. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani. Bi Mwanakombo alibanana nami dirishani, jasho letu moja. Kama ilivyo kawaida, shehe akaja ndani na Hamisi, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, pamoja na mashahidi, kumuuliza bibi harusi kama ameridhia. Rehema, mwalimu anayesikika mpaka darasa la tatu kutoka lake, siku ile sauti ikampotea. Shehe akauliza tena. Ndipo akasema, polepole, "Nimeridhia."

Nikafunga macho. Nilikuwa na mzigo ule tangu ana meno mawili, na ukashuka kwa neno moja.

Nilipofungua macho nikamwona Salim kupitia dirishani. Amekaa juu ya mkeka na joho lake, anajifuta uso, anatazama mlango, uso umemkauka. Masikini. Mke wake alikwisha mridhia, na yeye bado hajui. Habari ilikuwa njiani, na njia yenyewe ilikuwa ukumbi tu na ngazi mbili.

Lakini shehe alipofika mlangoni hakuona viatu vyake. Kulikuwa na kilima cha viatu pale. Akaanza kuvipekua, akajaribu kimoja, akakirudisha, akauliza nani kavaa vyake. Hamisi akainama kumsaidia. Mashahidi wakainama. Nje, Salim akazidi kuwa wa rangi ya majivu.

"Mbona hawendi?" Bi Mwanakombo akaninong'oneza.

"Wanatafuta viatu."

"Mwanangu atazimia!"

"Subiri, habari itafika."

"Nisubiri nini mie!" Akasukuma dirisha, akatoa kichwa na bega moja nje, akapiga kigelegele ambacho nadhani Chalinze walikisikia. Wanawake wote wakapokea. Salim akaruka kutoka kwenye mkeka, akashikwa na wazee, akakaa, akainuka tena, akacheka huku analia.

Shehe alipotokea nje kuja kutangaza, na kiatu kimoja mguuni, habari aliyoileta ilikuwa ya zamani.